Wimbo wa Njaa

Kwanza mlango unalia, kwiii. Halafu ndipo ukelele unakuja, gitaa linaufukia, gitaa linakatika ghafla, na mwishoni linasikika neno moja tu: njaa.

Bariadi nzima inaujua. Waendesha bodaboda wameuweka kwenye simu zao. Akipigiwa mmoja, kijiwe kizima kinashtuka. Hujui ni wa mwanamke au mwanamume, ni koo tu linachanika. Wimbo ukaitwa "Njaa", albamu nayo ikaitwa hivyohivyo, na neno hilo likaandikwa kwenye fulana nyeusi ambazo sasa zinavaliwa mpaka Ujerumani.

Bendi ni ya Mayige, na muziki wao ni metali, ule wa magitaa makali na kunguruma. Majirani wanauita muziki wa kinu, maana unafanana na mashine za kuchambulia pamba. Waliurekodi nyumbani kwake, chumba cha uani, kuta zote zimepangwa magunia ya pamba ili kelele zisitoke. Hazikutoka, na za nje hazikuingia. Ukiwa mle ndani, mtu anaweza kugonga mlango mpaka achoke, usimsikie.

Albamu ilipotoka ikauzika mpaka wenyewe wakashangaa. Watu wa redio wakaja. Wazungu wenye kamera wakaja, mmoja akasema hajawahi kusikia mtu akiiimba njaa namna ile. Mayige akamjibu asante, akaangalia viatu vyake. Mkewe, Milembe, akapita na ndoo. Tangu wamzike mtoto wao kule Bukundi, Milembe ana sauti ya kukwaruza, kama mtu mwenye mafua yasiyopona.

Na hapo ndipo maneno ya mtaa yalipoanzia. Mtoto aliamka na homa, jioni hayupo. Haikupita muda, baba yake akawa maarufu. Felisita wa nyumba ya pili, ambaye kwake hapakosi watu wala habari, ndiye aliyeunganisha mambo. Msibani, akasema, baba alikaa kama gogo na mama hakutoa hata kilio. Wanawake wamelia mpaka wamekauka, yeye kanyamaza.

"Mama gani halii?" akauliza. "Labda alikuwa anajua."

Wakamuuliza alikuwa anajua nini. Akasema muziki wa kunguruma vile hauuziki bure, kuna kafara imetolewa pale.

Basi, ikaisha. Nyumba ambayo ilikuwa haikauki wageni, watu wakaacha kunywa maji yake. Milembe akisalimia bombani, wanaitikia wameshageuka. Nguo za mtoto alizokuwa amewagawia majirani akazikuta asubuhi mlangoni, zimekunjwa vizuri.

Kilichowaongezea maneno ni kwamba Mayige hajawahi kuupiga ukelele ule jukwaani. Mwanza, Dar, kote, wimbo ukifika pale, Ngassa mpiga ngoma anabonyeza mashine na ukelele wa kwenye albamu unatoka wenyewe. Mayige anasimama tu, kafunga mdomo. Ngassa alitaka kuufuta tangu siku ile walipourekodi. Mayige akamwambia asiuguse.

Onyesho la Bariadi lilipotangazwa, mtaa ulikuwa umeshakata shauri. Felisita akatumwa. Alisimama kizingitini, ndani hakuingia.

"Baba Kija, nakwambia kama shemeji yangu. Jumamosi uupige kwa mdomo wako, watu watulie. La sivyo tutajua sauti ile si yako, na mtahama mtaa huu."

"Siwezi."

"Huwezi, au hujaruhusiwa?"

Mayige akaangalia viatu vyake. Nyuma yake Milembe alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama, kisha kikaendelea.

Jumamosi uwanja ukajaa mpaka watu wakapanda ukuta. Waliomsema wiki nzima ndio waliokuwa mbele, na Felisita katikati yao, kavaa kitenge kipya. Mayige aliimba vizuri. Alinguruma, watoto wakacheka, vijana wakatikisa vichwa. Kisha ikafika "Njaa".

"Kwiii!" uwanja mzima ukaigiza mlango.

Ngassa akanyoosha kidole kwenye mashine. Mayige akamtikisia kichwa. Akasogeza maiki mdomoni, akapanua kinywa, na hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Ikatoka pumzi, kama ya mtu anayepuliza chai.

"Njaa! Njaa!" watu wakaanza kudai. Baadaye wakaanza kuzomea. Chupa ya maji ikaruka ikampiga begani; hakulipangusa hata shati.

Milembe alikuwa amekaa pembeni mwa jukwaa, mkoba mapajani. Akauweka chini, akapanda. Felisita akajua anakwenda kumtetea mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akamwonea huruma.

"Mama Kija, shuka mdogo wangu," akamwita. "Utaaibika bure."

Milembe akachukua maiki. Mayige alipomwona amesimama mbele yake, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye nyuzi za gitaa ukazizima, kama siku ile ya kurekodi mlango ulipofunguka.

Ukelele ukatoka. Ulikuwa uleule, koo lilelile, ila safari hii hapakuwa na gitaa la kufunika mwanzo wa neno, na uwanja mzima ukalisikia lote.

"Kijaaaa."