Unga Mweupe wa Ngiri

Alikuwako Ngiri mmoja aliyejisifu kwa kilimo cha korosho. Msimu mmoja maua ya mikorosho yake yakashikwa na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe. Jirani yake Pimbi akauliza, "Weupe huu ni nini?"

Ngiri aliona haya kusema kweli. "Ni dawa."

Pimbi akaomba matawi mawili, na Ngiri, kwa kuogopa kuumbuka, akampa. Pimbi akaikung'utia mikorosho yake yote unga ule. Maua yakakauka, asipate hata korosho moja.

Akarudi ameinamisha kichwa. "Nisamehe, ndugu yangu. Ulinipa dawa nzuri, nami sikujua kuitumia."

Ngiri alitamani ardhi ipasuke immeze. "Haikuwa dawa, Pimbi," alisema hatimaye. "Ulikuwa ugonjwa, nami nilijua."