Barua Isiyofungwa kwa Nta

Mjane alikuja juu hata kabla ya kuketi. Alibwaga kamusi mbili mezani, moja yenye jina la marehemu mumewe, nyingine mpya, wino haujakauka.

"Vidole, soma! Soma huku, halafu soma huku!"

Vidole ndilo jina marehemu alilomwita mpiga taipu wake kwa miaka kumi na minane. Leo mpiga taipu naye ana kamusi yake ya asili za maneno ya Kiingereza, tena jina lake limekaa jaladani. Haya hana hata chembe.

Neno lilikuwa *sincerely*, lile la kumalizia barua. Kamusi zote mbili zilisema kitu kimoja, nukta kwa nukta: limetoka Kilatini, maana yake ni bila nta, kwa kuwa makarani wa Roma hawakuifunga kwa nta barua isiyo na uongo.

"Huu ndio uvumbuzi wa maisha yake," mjane alisema. "Maprofesa wazima walisimama wakampigia makofi! Nimeyachongesha maneno haya kwenye jiwe la kaburi lake, na kesho tunalizindua mbele za watu. Nawe unamwibia mzee wa watu hata akiwa ardhini?"

"Mama, alikwambia aliyapata wapi?"

"Kichwani mwake! Wewe kazi yako ilikuwa kupiga taipu, basi."

Vidole alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Sisi watu wa kamusi tuna mtego wetu, mama. Unatia uongo mmoja katikati ya kweli, unanyamaza zako. Mwizi akibeba kazi yako, anaubeba na huo uongo."

"Basi mtego umekunasa wewe, mwanangu! Sasa hivi nakwenda kwa mchapishaji. Kitabu hiki kiondolewe madukani leo leo!"

"Nenda tu. Ila umesoma nusu. Geuza ukurasa."

Mjane aligeuza kwa pupa, nusura auchane. Alitaka neno moja tu zaidi la kumkomesha huyu mwizi. Juu kabisa, palikuwa na mistari miwili:

"Asili hii ni ya uongo. Niliitunga mwenyewe nikiwa mpiga taipu, siku bosi wangu alipofuta jina langu kwenye jalada la kamusi niliyoiandika."