Elfu Kumi za Burundi

Kila asubuhi, kabla ya chai, Dorine alimdanganya baba yake kwa tarakimu nne.

"Leo Burundi iko ngapi?" mzee Anastase aliuliza kutoka kitandani.

"Elfu tano mia tisa na kumi, Papa."

Hapa Uvira hakuna asiyeelewa hesabu hiyo: ukitoa faranga elfu kumi za Burundi, unapewa elfu tano mia tisa na kumi za Kongo. Mzee akageuza uso wake ukutani. Bado. Alikuwa ameapa kwamba hatauza mpaka ifike elfu sita na mia mbili. Mfuko wake wa noti za Burundi ulikuwa chini ya mto, na kichwa chake kiliulalia mchana na usiku. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba ya miaka ishirini ya kubadilisha pesa pale Kimanga, chini ya mwavuli uliopauka, na ilikuwa na kazi yake: shamba kule Kiringye.

Bei ya kweli haikuwa hiyo. Faranga ya Burundi ilikuwa imeanguka vibaya, na hilo lilikuwa dogo. Juni ya 2023, noti za zamani za elfu tano na elfu kumi zilipofutwa na watu wakapewa siku kumi tu za kuzibadilisha, Anastase alikuwa hospitalini, kiharusi kimemwangusha, hawezi kutamka neno. Dorine alikaa naye siku zote kumi, akimgeuza, akimlisha kwa kijiko. Habari ilipomfikia Dorine, ilikuwa siku ya kumi na mbili. Mfuko mzima ulikuwa umekuwa karatasi.

Sauti ya mzee ilirudi. Miguu na macho havikurudi. Daktari alionya kwamba mshtuko mwingine utammaliza, na Dorine akazima redio ya nyumbani, akawaomba wageni wasitaje bei za mpakani. Étienne, aliyekuwa na meza jirani na ya mzee kule Kimanga, alikubali akicheka, akasema Dorine angefaa kuwa gavana wa benki.

Mwanzoni alibuni tarakimu kichwani. Siku ya tatu mzee alikunja uso.

"Hapana, mama. Bei haiendi vile. Bei inatembea kama muntu, hairuki kama chura."

Ndipo Dorine akayafungua madaftari ya baba yake yaliyokuwa chini ya kabati. Anastase alikuwa ameipa kila siku ya kazi ukurasa wake: juu bei ya asubuhi, chini wateja, na pembeni mambo yake mwenyewe, mvua, ubatizo, msiba. Enzi hizo Étienne alikuwa akiwatania wateja kwamba ukimtajia Anastase siku uliyofunga ndoa, atakuambia bei ya asubuhi hiyo. Sasa mzee alisahau hata kama amemeza dawa. Dorine alichagua daftari la 2014, mwaka ambao bei haikufika elfu sita na mia mbili hata mara moja. Akapatanisha Jumatatu na Jumatatu, akaanza kusoma. Ya pembeni aliyaruka.

Mzee hakulalamika tena.

Mwaka ukapita hivyo, kila asubuhi tarakimu nne, na nyumba yao ya mtaa wa Songo ikazidi kuwa ndogo. Diploma ya Dorine ililala sandukuni. Kisha shule moja ya Kalemie ikamwandikia: wanamtaka afundishe hisabati, na bwato la ziwani linaondoka Alhamisi. Alisoma barua ile mara nne akiwa amesimama. Shangazi Concilie alikuja kutoka Kiringye siku hiyohiyo, na godoro lake kichwani, akasema yeye atamtunza kaka yake. Angempikia, angemwogesha, angemgeuza. Lakini shangazi hakuwahi kuingia darasani, wala hakujua kusoma tarakimu.

Na uongo huu ulihitaji mtu wa kuusoma.

Jumatano asubuhi Dorine aliketi ukingoni mwa kitanda, daftari magotini. Alikuwa amelia uani, akanawa uso.

"Papa, nitawapigia simu watu wa Kalemie. Siendi."

"Juu ya nini?"

"Nani atakuambia bei?"

Kutoka jikoni walisikia shangazi akitwanga majani ya sombe. Mwishowe mzee akauliza kama alivyouliza siku zote, leo Burundi iko ngapi, naye Dorine akasoma: elfu tano mia tisa na themanini.

"Sawa. Kesho itapanda, itafika elfu sita na makumi mbili. Ijumaa itashuka, elfu tano mia tisa na makumi ine. Jumamosi hatubadilishi, tunaenda kuzika mama yake Étienne." Mkono wake ulipapasa chini ya mto, ukauvuta mfuko, ukauweka juu ya mapaja ya binti yake. "Hii umpe shangazi yako awashie makala ya jikoni. Na weye, mama, enda ufunge sanduku."

Dorine aliona akili ya mzee imepotea kabisa, maana mama yake Étienne alikuwa kaburini kwa miaka kumi.

Akafunua ukurasa wa kesho katika daftari lile la 2014, ambao hakuwa amemsomea mtu yeyote: 6 020. Akafunua wa Ijumaa: 5 940. Wa Jumamosi haukuwa na bei. Pembeni tu, kwa mwandiko wa baba yake, palikuwa na maneno matatu: *Maziko, mama Étienne.*