Dawa ya Mwiba

"Usipumulie hapa," mume alisema, na mkewe akarudi nyuma hadi mlangoni.

Mume hakuwa fundi. Alikuwa mpima ardhi, mtu wa kamba na vigingi, lakini Jumapili hiyo alisimama pekupeku mezani, glovu mikononi, akishusha kijidude cha ukubwa wa biskuti juu ya ubao wa kompyuta kana kwamba analaza kichanga. Hicho ndicho kilichokuwa ubongo wa mashine. Kila mara aligusa fremu ya dirisha, maana alisoma mahali kwamba mwili wa binadamu una umeme wa kuunguza vifaa. Mkewe hakujua kama mumewe ana umeme. Taa ya chooni ilikuwa imekufa tangu mwezi uliopita.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mama mkwe, au tuseme kilitakiwa kuwa chake. Mama alipokuja kukaa nao, magoti yakiwa yamemchosha, aliahidiwa chumba cha nyuma, chenye kitanda na choo karibu. Kitanda kikaondoka, ikaingia meza. Mama akalazwa kwenye kochi la sebuleni kwa muda, na ule muda ukaota mizizi. Kila asubuhi mpima ardhi alimkuta amejikunja pale, roho ikamchoma kidogo, naye akapita kwa kunyata.

Lakini angefanyaje, na Mwiba bado yuko hai?

Mwiba lilikuwa jina la mtu asiyejulikana sura, ambaye mpima ardhi alikutana naye kwenye mchezo wa vita wa mtandaoni. Wengine walikimbia na kurukaruka. Mwiba hakukimbia. Alijibanza juu ya paa, akatulia, akasubiri, na risasi yake ilikuwa moja tu. Kisha humwandikia aliyeanguka: "Pole. Umekula lakini?"

Mpima ardhi alikuwa ametukanwa na wenye viwanja wengi maishani, ila hakuna tusi lililomkaa kooni kama hilo.

"Ni kitoto cha tajiri," alimwambia mkewe. "Si ustadi ule. Ana mashine kubwa, inamwonyesha mimi kabla sijamwona yeye."

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," mama mkwe alisema kutoka kwenye kochi, pengine akilijibu hubiri. Masikio yake yalikuwa yamefunikwa na vile vidude vya kusikilizia. Mkwewe alikuwa amempa kompyuta yake ya zamani asikilizie mahubiri, kwa kuwa, kwa maneno yake mwenyewe, ile takataka haifai kwa lingine.

"Na Mwiba akikupiga hata ukiwa na hilo dude jipya?" mkewe aliuliza.

"Nikiwa na hili? Akinipiga nikiwa na hili, mimi na mchezo basi. Chumba cha mama siku hiyo hiyo."

"Kamwambie mwenyewe."

Akaenda akamwambia. Mama aliinua kidude cha sikio moja, akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Sawa, mkwe wangu. Mungu akusaidie."

Kikabaki kipande cha mwisho, kadi ya picha, nzito mithili ya tofali, yenye feni tatu. Jana yake tu familia ilikuwa na pikipiki; leo ilikuwa na kadi.

"Hii ndiyo inayochora," alieleza akiichomeka. "Bila hii, mengine yote ni mapambo."

Alifunga kasha la kioo, akaliwekea pimamaji juu kuhakikisha halijainama, akachomeka nyaya nyuma huku akipiga mluzi. Mama mkwe akaingia kuchukua shuka lake, kwani nguo zake bado zilikuwa kwenye kabati la humo. Akiwa ameinama nyuma ya meza, akasita.

"Mkwe, huu waya wa skrini mbona..."

"Mama, tafadhali. Huko nyuma pasiguswe."

"Sawa, baba." Akachukua shuka, akarudi kwenye kochi lake polepole, akishika ukuta.

Mashine ikawashwa. Taa nyekundu, za kijani na za zambarau zikazungukana ndani ya kioo, na mpima ardhi akafunga pazia ili zionekane vizuri.

"Inafanya nini?" mkewe aliuliza.

"Inawaka."

Mke akaenda jikoni kuosha vyombo. Mama alikuwa amejifunika shuka, kompyuta ya zamani mapajani, vidude masikioni. Mpima ardhi akafunga mlango, akakaa sawasawa, akamwandikia Mwiba: "Leo mimi na wewe, peke yetu. Ukinishinda, sichezi tena."

"Karibu," Mwiba akajibu.

Picha ilikwamakwama kidogo. Mashine mpya, alijiambia, haijazoea. Akakimbia nyuma ya ukuta, akavuka uwanja, akapanda ngazi, moyo ukimdunda kwa raha, maana sasa alimwona Mwiba juu ya paa kwa macho yake. Akalenga. Picha ikakwama. Ilipoachia, yeye alikuwa chini, anatazama mawingu.

Alibaki ameshika kipanya. Feni zote zilizunguka vizuri. Kisha maandishi yakatokea kwenye skrini.

"Pole. Umekula lakini?"

Na chini yake, taratibu, herufi moja moja:

"Ukiihamisha hiyo mashine kutoka chumbani kwangu, mkwe, waya wa skrini utoe kwenye tundu la juu, uchomeke chini kwenye kadi. Muda wote huu kadi yako ilikuwa imelala."