Mkono wa Mfamasia

Nanuli alipoiachia tu kete ya farasi, akaona alichokifanya. Na kwenye sataranji, kete ikishaachwa hairudishwi. Mfamasia akisogeza ngome yake mara moja tu, mfalme wa Nanuli kwisha. Bingwa mkuu, aliyezunguka Ulaya nzima akizoa vikombe, afungwe nyumbani Kutaisi na muuza dawa za kikohozi!

Hakupepesa jicho. Alipiga mwayo, akakung'uta makombo ya mkate wa jibini kwenye sketi, akamtazama yule mwanamume kama nzi aliyetua kwenye supu.

Na yule bwege hakuutazama ubao. Alimtazama yeye usoni, kama walivyofanya wapinzani wake wengine wote. Jasho lilimchuruzika hadi kwenye tai, tai ya harusini, aliyoivaa kwa heshima ya bingwa.

Akasimamisha saa ya mchezo, akanyoosha mkono.

"Nimekubali, mama. Umenimaliza."

Mkono ulikuwa umelowa, wa baridi kama samaki. Nanuli akaubana, halafu akajifuta kwenye sketi, waziwazi, kila mtu aone.

"Nilikosea wapi, mama? Nifundishe."

"Pale ulipovuta kiti ukakaa."

Watazamaji wakaangua kicheko. Mfamasia naye akacheka, akashukuru, kisha akainama kuutazama ubao. Nanuli akanyoosha mkono haraka azivuruge kete, lakini kidole cha mfamasia kilikwisha kutua juu ya ngome.

Aliacha kucheka yeye kwanza. Kisha, mmoja mmoja, wakanyamaza wote.