Mshono Mmoja, Fundo Moja

Atupokile alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaiinua mbele ya kifua ikauke yenyewe, halafu akahesabu sindano zake. Nane. Ndipo akalivuta gauni la ubatizo mapajani.

Esnath alimtazama kutoka kwenye kochi, akajiuliza kama huyu mama anataka kushona au anasubiri kutengewa chakula.

Esnath alikuwa fundi cherehani hapa Msasani ya Tukuyu mwaka wa kumi na tisa sasa, tena mwenyekiti wa akina mama kanisani. Hakuna mtoto aliyewahi kufika mbele ya mchungaji na nguo ambayo Esnath ameikataa. Leo Ijumaa ameitwa kukagua. Jumapili anabatizwa mjukuu wa Atupokile, na bibi mtu ameapa kwamba mtoto hatavaa gauni la dukani wala la fundi. Atavaa la mkono wa bibi yake.

Bibi mwenyewe sasa! Amestaafu juzi juzi, karudi Tukuyu na masanduku ya vitabu, na maisha yake yote hajawahi kukaza hata kifungo cha shati la mume. Miezi mitatu anajifunzia ushonaji kwenye simu. Kofia yake ya kwanza ya kroshia ilitosha kuvalishwa ndoo. Soksi zilizofuata hazikuwa pacha, hazikuwa hata ndugu. Cherehani mpya ilimkatia uzi siku mbili, akaifunika kitambaa kama redio iliyoharibika, akarudi kwenye sindano ya mkono. Mtaa mzima ulijua, maana Esnath hakuacha mtu bila kumsimulia. Kilichomuuma zaidi ni kwamba fundi yupo hatua thelathini kutoka mlangoni, na hakuombwa.

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," alikuwa akiwaambia wateja wake. Mkunga, kwa maana yake, alikuwa yeye.

Atupokile akamalizia upindo, akahesabu tena sindano, zikatimia nane, akamkabidhi gauni kwa mikono miwili.

Esnath akaligeuza ndani nje. Akasogea dirishani, maana mvua ilikuwa imeleta giza. Hakuamini. Kila tundu la sindano lilikuwa na fundo lake. Mwanamke alichoma, akafunga, akakata uzi, akaanza upya. Akachoma, akafunga, akakata. Hivyo hivyo kutoka shingoni mpaka chini.

"Mama Lutengano, hiki ni nini?"

"Mshono."

"Haya ni mafundo mia mbili."

"Moja likikatika, mengine yanashika," alisema Atupokile kwa upole.

Esnath alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Akamwambia kwamba hata watoto wa darasa la tatu wanashona mfululizo, kwamba gunia la viazi la Isongole limeshonwa vizuri kuliko gauni hili, kwamba mtoto akilia kidogo tu nguo itafumuka mbele ya washarika. Akamuuliza kwa miaka yote hiyo alikuwa anafanya kazi gani huko serikalini, kazi isiyomfundisha mwanamke kushika sindano.

Atupokile alifungua mdomo, lakini Esnath hakuwa ameuliza ili ajibiwe. Alikuwa ameshatoa wembe kwenye mkoba.

"Nalifumua lote. Kesho nitalishona upya, na Jumapili nitasema ni la kwangu. Sitaki aibu kanisani."

Atupokile akaweka kiganja juu ya gauni. Kwa mara ya kwanza macho yake yalilowa. Alisema amelishona kwa siku arobaini, na huyo ndiye mjukuu pekee aliye naye. Aliomba kitu kimoja tu: kabla ya wembe, fundi amwonyeshe mshono mzuri unakuwaje, walau ajue alikosea wapi.

Esnath akamtazama kwa huruma ile ya mtu aliyeshiba. Mshono mzuri? Akainuka, akavuta pazia, akapandisha blauzi na kulegeza kitenge.

"Tazama. Huu ni wa Tulia wangu, miaka ishirini na miwili iliyopita, tukiwa Chunya machimboni. Mimi na mtoto tulishakuwa wa kuzikwa. Nilichomwa sindano ya usingizi, huyo daktari sura yake sikuiona, wala jina lake sikuambiwa. Lakini kila Jumapili namwombea baba wa watu. Huyo ndiye alijua kushona. Angeliona gauni lako, angelia."

Kovu lilianza chini ya kitovu, jembamba, limenyooka, na vidoti viwili viwili vimepangana pembeni yake. Esnath aliligonga kwa kidole kama fundi anayesifia kitambaa chake. Akaongeza kwamba mikono ya namna hiyo ni ya wanaume wasomi, mwanamke hapewi.

Atupokile akavaa miwani, akainama karibu. Akalifuata kovu kwa macho mpaka chini kabisa, mahali Esnath alipokuwa amepafunika kwa kidole gumba. Akakiondoa kidole hicho taratibu, bila kuomba ruhusa, kama mtu anayefungua droo yake mwenyewe.

"Hapa palipopinda," alisema, "umeme ulikatika. Nilimalizia kwa tochi."