Namba Anayoijua Kombo

Kampuni ya simu iliyoung'oa mnara wake mjini iliwaambia wateja wasihofu: hameni mtandao, namba mtabaki nazo. Bi Mwanahawa akaamini, akapanga foleni tangu asubuhi katika duka la mtandao mwingine.

"Shangazi, si uchukue namba mpya tu?" mwanamume wa nyuma yake akamtania. "Au unaogopa mchumba atakupotea?"

"Mwanangu ataipiga hii. Ndiyo pekee anayoijua kwa kichwa."

Watu wakacheka kidogo. Hawakujua kwamba Kombo alichukuliwa mlangoni na watu wasiojitaja, mwaka ule wa mgomo wa kiwanda, na kwamba tangu hapo kila ofisi imemwambia mama yake asubiri.

Msichana wa kaunta akatazama kompyuta. "Mama, laini hii imesajiliwa kwa jina la Kombo Faki."

"Ndiye aliyeninunulia."

"Basi kuihamisha lazima aje mwenyewe aweke kidole."

"Angekuwa wa kuja, mimi ningekuwa hapa?"

Msichana akainamisha macho. "Samahani, mama. Mashine ndiyo inayotaka. Na laini ya zamani inazimwa leo saa kumi."

Foleni ikaanza kuguna. Bi Mwanahawa akakivuta kile kidude cha kuwekea kidole, akakipangusa kioo kwa ncha ya kanga, kisha akaweka dole gumba lake mwenyewe. Taa ikawaka nyekundu. Akaliweka tena, akakandamiza mpaka ukucha ukawa mweupe, asiliondoe.